Pembetatu chini ya mnara: uchambuzi wa alama za mafundi kwenye kanisa la zamani karibu na Bukavu

Kamati ya parokia ilikuwa imekwisha kununua saruji. Mifuko ilipangwa nyuma ya sakristia, fundi wa lipu alikuwa amepokea malipo ya kwanza, na agizo lilikuwa wazi: afunike ukuta wote wa nje wa kanisa, kuanzia ardhini hadi chini ya bati, ili alama zilizochongwa kwenye mawe zisionekane tena. Karibu na mlango wa mnara kulikuwa na pembetatu yenye tundu katikati. Kuzunguka tao la mlango mkubwa mistari ilipanda kama ngazi, na juu kabisa kulikuwa na msalaba. Kwenye mawe ya pembe kulikuwa na V, nyingine zimepinduliwa, na X zilizokatwa kwa mstari. Picha zake zilikuwa zimezunguka kwenye simu za vijana wa mashirika kadhaa ya parokia, zikisindikizwa na tuhuma moja: kanisa hili lilijengwa na Frimasoni.

Niliitwa kwa sababu ninafundisha uchoraji wa majengo katika shule ya ufundi mjini Bukavu, na mama mmoja wa kamati alinifahamu kupitia mtoto wake. Ndiye aliyemwomba paroko asubiri kidogo. Parokia sitaitaja jina. Watu wake wameshapata maneno ya kutosha. Ila kisa chenyewe nakieleza kwa urefu, kwa kuwa makanisa mengi ya misheni hapa Kivu yamefikia umri wa kuvuja na kupasuka, na lipu ya saruji ndiyo dawa inayofikiriwa kwanza, hata pale ambapo hakuna hofu yoyote ya alama.

Jengo

Kanisa lilijengwa katika miaka iliyo kati ya vita viwili vya dunia, chini ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee bado wanawaita Mapadri Weupe. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa mji huo. Lilifika Ziwa Tanganyika kabla ya mwaka 1880, likakabidhiwa Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hilo, mwaka 1885, kisha likapanda polepole kuelekea kaskazini hadi Kivu, iliyofanywa vikarieti, yaani eneo la misheni lenye askofu wake kabla halijawa jimbo, mwaka 1929. Katika misheni nyingi bruda, mtawa asiye padri, ndiye aliyekuwa mchoraji, msimamizi wa tanuru, seremala na mwalimu wa mafundi kwa wakati mmoja. Mikono mingine yote ilikuwa ya wenyeji.

Sehemu ya chini ya ukuta, hadi usawa wa kiuno, ni ya basalti, lile jiwe jeusi la volkeno linalobeba sehemu kubwa ya Bukavu na vilima vyake. Juu yake kuta ni za matofali ya kuchoma. Lakini pembe za jengo, vizingiti vya madirisha na matao ya milango vinarudi kwenye jiwe, safari hii jiwe lililochongwa likapata nyuso bapa na kingo zilizonyooka. Aliyewahi kushika tindo juu ya basalti anajua jinsi linavyochosha mkono. Hakuna fundi anayechonga mstari wa ziada kwenye jiwe hilo kwa kujifurahisha. Hilo peke yake lilinielekeza kuamini kwamba kila alama pale ilikuwa na kazi ya kufanya.

Jambo moja zaidi kuhusu jengo, maana tutalihitaji. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa eneo la Ziwa Kivu, likaua watu, wengi wao upande wa Rwanda, na kuharibu nyumba Bukavu. Kanisa lilibaki limesimama, ila ufa ulifunguka upande wa kulia wa tao la mlango mkubwa, ukapanda hadi dirisha lililo juu yake. Tangu hapo umezibwa kwa saruji na kufunguka tena.

Hofu ilitoka wapi

Sikupenda namna baadhi ya wasomi wa mjini walivyowacheka wanaparokia. Mtu anayeona pembetatu yenye tundu kwenye ukuta wa kanisa lake, baada ya kuona mchoro unaofanana nao kwenye video kumi za simu, ana haki ya kuuliza. Na kuna uhusiano wa kweli kati ya Frimasoni na waashi wa mawe, ndiyo maana jibu la «hayo ni mambo ya kijinga» halimtulizi mtu yeyote.

Uhusiano huo ni huu. Uskoti, mwaka 1598, William Schaw, msimamizi wa ujenzi wa mfalme, alitoa kanuni za mafundi mawe. Moja ilitaka kwamba fundi anapopokelewa, jina lake na alama yake viandikwe kwenye kitabu. Baadaye vyama vya aina hiyo vilianza kupokea watu wasioshika nyundo kabisa, na mwaka 1717 loji kuu, yaani chama kikuu cha Frimasoni, ikaundwa London. Hao ndio walioazima bikari na kipimo cha pembe mraba wakavipa mafumbo. Papa Klementi wa 12 aliwakataza Wakatoliki kujiunga nao mwaka 1738. Lakini alama ya fundi kwenye jiwe ilikuwepo karne nyingi kabla. Kuta za mji wa Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa, zilianza kujengwa katika karne ya 13, na mawe yake yamejaa alama za watu waliokuwa wakilipwa kwa kila jiwe walilolichonga. Ubelgiji nako, walikotoka wamisionari wengi wa Kongo, alama hizi zimechunguzwa sana, hasa kwenye jiwe la buluu la Écaussinnes, Feluy na Arquennes.

Wasomi wenyewe wamewahi kupotea njia ile ile waliyopita vijana wa parokia. Mnamo miaka ya 1880 huko Vienna, mhandisi Franz Ržiha alidai kwamba alama za mafundi zilitokana na michoro michache ya kijiometria, kwa hiyo kila alama ingeweza kuwekwa ndani ya mchoro wake mama na kutambuliwa chama chake. Kazi yake ya kukusanya ilikuwa kubwa na bado ina faida. Nadharia ndiyo iliyoyumba. Chora wavu wenye mistari ya kutosha, na kila V, X na pembetatu duniani itaingia humo. Kuangalia umbo tu, bila kuangalia liko wapi na limerudiwa mara ngapi, humpeleka profesa na kijana wa simu mahali pamoja.

Kwa hiyo niliiomba kamati tuache kwanza kuulizana alama hizi zinamaanisha nini. Tuulize zilikuwa zikimfanyia nani kazi gani.

Namna tulivyofanya

Wanafunzi wawili na waashi wa parokia walinisaidia. Tulichora kila ukuta kwenye karatasi, tukaipa kila jiwe la kuchongwa namba, tukaandika alama yake, upande ilikoelekea na urefu wake kutoka ardhini. Hatukusugua jiwe kwa brashi ya waya, wala hatukujaza mistari kwa chaki, kwa sababu anayejaza chaki anachora kile anachodhani anakiona. Tuliweka karatasi nyembamba juu ya jiwe tukapaka makaa taratibu hadi mistari ikajitokeza. Kwa picha tulisubiri jua la asubuhi au la jioni linalopita ubavuni mwa ukuta, na upande wa kivuli tukatumia tochi iliyolazwa karibu na jiwe. Saa sita mchana nusu ya alama hupotea machoni.

Kazi hii haihitaji chombo cha bei. Inahitaji uvumilivu, na kuandika hata mawe yasiyo na alama, maana hayo nayo yanasema.

Mawe ya pembe

Alama za V, za X yenye mstari, na za mistari miwili yenye nukta, zilikuwa kwenye mawe ya pembe na vizingiti vya madirisha tu. Kwenye mawe ya kawaida ya msingi, yale yaliyopangwa bila kuchongwa, hapakuwa na hata moja. Kila alama ilirudiwa mara nyingi. Na zilikaa ovyo: V moja imesimama, nyingine imelala, nyingine imepinduka. Hili la mwisho ndilo lililowatisha watu zaidi, kwa kuwa kitu kilichopinduliwa kanisani huonekana kuwa dhihaka. Kwa mwashi maana yake ni nyepesi. Alama ilichongwa jiwe likiwa bado chini, na aliyelipandisha ukutani aliligeuza kadiri lilivyokaa vizuri. Angekuwa mtu anaandika ujumbe ukutani, angeuandika baada ya jiwe kuwekwa, na ungesimama wima.

Tulipolinganisha alama za tindo tuliona jambo jingine. Mawe yenye V yana ukingo mwembamba uliosafishwa kuzunguka uso wote, kwa tindo lenye ncha pana. Mawe yenye X yana ukingo mpana zaidi, na uso wake umepigwapigwa kwa ncha kali. Ni mikono miwili, yenye mazoea mawili. Hizi ni alama za malipo: mwisho wa juma msimamizi anahesabu mawe ya kila mmoja. Upande wa altare kuna V nyingi. Kuelekea mnara V zinapungua hadi zinakwisha, na mistari miwili yenye nukta inaingia. Fundi mmoja aliondoka, mwingine akaja. Kutokana na hilo tunajua pia kwamba ujenzi ulianzia altare ukaishia mnarani, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilikumbuka.

Tao la mlango mkubwa

Hapa ndipo kisa kilipopata uzito wake wa kweli.

Mistari iliyoonekana kama ngazi iko kwenye mawe ya tao, jiwe kwa jiwe. Upande wa kushoto, kutoka chini: mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, hadi karibu na kilele. Upande wa kulia ni vivyo hivyo, ila kila kundi la mistari lina mkia mfupi chini. Jiwe la kati, linalofunga tao, lina msalaba. Kwa macho ya hofu hiyo ni ngazi ya ibada ya siri. Kwa mtu aliyejenga tao, hizo ni namba.

Mawe ya tao huchongwa chini, kwa kufuata mchoro wa ukubwa halisi uliochorwa sakafuni au kwenye mbao. Kwa nadharia, katika tao la nusu duara mawe yote yanalingana, na lolote lingekaa popote. Kwa mkono na kwa basalti hayalingani kamwe. Kila moja linasawazishwa lipatane na jirani yake. Ndiyo maana yanapewa namba kabla ya kupandishwa juu ya fremu ya mbao inayoshikilia tao hadi lifungwe. Mkia unatenganisha kulia na kushoto, msalaba unaonyesha jiwe la mwisho. Huko Reims, karne ya 13, mafundi waliweka alama za namna hiyo kuonyesha sanamu ipi inakwenda mlango upi na upande upi. Kwenye kanisa kuu la Wells, Uingereza, sanamu za uso wa magharibi zilipangwa kwa namba. Fundi wetu wa Kivu alitatua tatizo lile lile kwa namna inayofanana, kwa kuwa tatizo la kupanga mawe mazito ni lile lile popote.

Tulipokuwa tunaandika namba za upande wa kulia, mmoja wa waashi wa parokia alisimama akahesabu upya kwa kidole. Mstari mmoja, mitatu, miwili, minne. Jiwe la pili na la tatu yalibadilishana nafasi siku ya kupandisha. Kuanzia hapo kila kitu kilieleweka. Kiungio kati ya mawe hayo mawili ni kinene kuliko vingine vyote, kimejazwa vipande vya mawe na udongo wa chokaa kuziba pengo la nyuso zisizolingana. Na ndipo hasa ufa wa mwaka 2008 unapoanzia.

Niseme wazi kwamba tetemeko ndilo lililopasua. Lakini tetemeko lilitafuta mahali dhaifu, na mahali hapo palikuwa pameandikwa ukutani tangu siku ya ujenzi. Kama lipu ingetangulia, tungeendelea kuziba ufa ule kila mwaka bila kujua unatoka wapi.

Misalaba na pembetatu

Ndani ya kanisa kuna misalaba iliyo ndani ya duara, imechorwa kwa rangi nyekundu, mingi imefunikwa na chokaa ya miaka. Chini ya kila mmoja kuna tundu la chuma kilichobeba mshumaa. Hii haikuhitaji uchunguzi mrefu. Katekista mzee aliitambua mara moja. Askofu anapoweka wakfu kanisa, anapaka krisma, mafuta matakatifu, kwenye misalaba ya ukutani, kwa desturi ya kale kumi na miwili, na mshumaa huwashwa mbele ya kila mmoja. Tulipima umbali kati ya iliyoonekana, tukajua iliyofichika iko wapi, na matundu yake yalikutwa hapo hapo.

Pembetatu ilihitaji mpira wa maji. Ilikuwa moja chini ya mnara, na watu walikuwa wameiona hiyo tu. Tulipotafuta kwenye pembe nyingine za jengo, tukazikuta nyingine, zimefunikwa na kuvu na majani, kila moja ncha ikielekea juu na mstari mfupi ukiigusa. Waashi wa parokia wenyewe walichukua mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wakaujaza maji, wakaunyosha kutoka pembe hadi pembe. Maji yalisimama kwenye mstari wa kila pembetatu, tofauti ikiwa chini ya unene wa kidole. Ndiyo alama ya usawa: hapo msingi wa mawe ulipimwa kwenye mteremko kabla matofali hayajaanza. Tundu la katikati, lililofanana na jicho, lina kutu ndani. Palipigwa msumari wa kufungia kamba.

Sikutoa hotuba baada ya hapo. Waliopima ndio waliowaeleza wenzao, na walieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Matofali

Alama za mwisho hazikuwa zimemtisha mtu, kwa kuwa hakuna aliyezitazama. Ndani ya ufa, ambako lipu ya zamani ilidondoka, baadhi ya matofali yana mfereji uliochorwa kwa kidole udongo ukiwa mbichi: mmoja ulionyooka, mwingine uliopinda. Matofali ya Warumi yana michoro ya vidole inayofanana na hiyo.

Mzee mmoja wa kijiji, aliyefika kuangalia kelele zinatoka wapi, aliweka kidole chake ndani ya mfereji uliopinda.

«Baba yangu alikuwa anapiga matofali ya misheni,» alisema. «Safu ikiisha, anavuta kidole kwenye la mwisho. Msimamizi anahesabu vidole, hahesabu matofali. Mama zetu walileta maji na kuni, wao hawakuwa na alama.»

Ushuhuda wa mtu mmoja aliyekuwa mtoto wakati huo haufungi mjadala. Ila unalingana na ukuta: matofali yenye mfereji ni machache, yametawanyika, na mfereji uko upande mpana unaolala ndani ya udongo, ambako hakuna mtu angeweka pambo. Kwangu mimi huu ulikuwa ugunduzi mkubwa kuliko pembetatu. Misheni za Mapadri Weupe zilitakiwa kuandika diari ya kila siku, na humo bruda aliyesimamia ujenzi hutajwa. Watu waliopiga matofali na kuchonga basalti huonekana kama kundi, «wafanyakazi». V, X na kidole kilichovutwa ndivyo vilivyobaki vya mtu mmoja mmoja kati yao. Waliokuwa wakitaka kuvifunika ni wajukuu wao, na nadhani wengi walilijua hilo mzee alipokuwa bado anaongea.

Saruji na hatua zilizoamuliwa

Hata bila alama ningepinga lipu ile. Kuta zilijengwa kwa udongo wa chokaa, na matofali yake hunyonya maji wakati wa mvua kisha huyatoa kupitia viungio. Saruji ngumu juu yake hufunga njia hiyo. Maji hubaki ndani, tofali hulainika, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa tofali. Nyuma ya kanisa, ambako kipande cha ukuta kilipigwa lipu zamani, tulionyesha kamati jambo hilo kwa kugonga kwa vifundo vya vidole: sauti ya utupu karibu kila mahali.

Kamati ilikubali kuuza mifuko kwa familia zilizokuwa zikijenga na kununua chokaa. Mawe hayatafunikwa. Viungio vilivyooza vya matofali vitakwanguliwa na kujazwa upya kwa chokaa na mchanga, kabla mvua hazijarudi Septemba. Ile lipu ya nyuma itaachwa ianguke yenyewe au iondolewe pale inapokwisha kulegea tu, kwa sababu kuibomoa kwa nyundo kungeng'oa matofali. Karatasi za makaa, michoro ya kuta na maneno ya mzee yaliyorekodiwa kwa simu yako ofisini kwa paroko, na nakala ziko shuleni kwetu.

Kuhusu tao, kijana mmoja wa kamati alipendekeza tuyarudishe mawe mawili mahali pake, kwa kuwa sasa tunajua namba zake. Pendekezo lilinigusa, lakini nililipinga. Tao limebeba uzito likiwa hivyo kwa miongo mingi. Kuyatoa mawe hayo ni kulegeza upande mzima, na mawe ya jirani yameshakaa kufuata kosa. Litaegemezwa kwa fremu ya mbao, kiungio kinene kitasafishwa kidogo kidogo, kisha kitajazwa vipande vya basalti vilivyochongwa kulingana na pengo na kufungwa kwa chokaa. Saruji iliyozibwa kwenye ufa itatolewa. Vipande viwili vidogo vya kioo vitagandishwa kuvuka ufa, tarehe ikiwa imeandikwa juu yake, na mwashi aliyegundua namba zilizobadilishana ndiye atakayevikagua kila mwezi. Kikikatika kimoja, ukuta bado unatembea, na mlango mkubwa utafungwa.